Mashine za betri za kukatia zege, tofali na nondo: anza na mkato, volti baadaye

Mkata Zege (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza "nichukue mashine gani ya betri ya kukatia zege", na majibu huwa ni majina ya kampuni tu, kila mtu anatetea rangi ya mashine yake kama anashangilia timu ya mpira. Mimi nimekata kwa petroli miaka mingi, kwa betri huu ni mwaka wa nne. Naandika yale ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia kabla sijatoa hela. Ni marefu, mwenye haraka aruke.

Naanza na kisa changu. Mashine ya kwanza ya betri niliichagua kwa volti. Niliona moja imeandikwa 54, nyingine 60, nikajua ya 60 ina nguvu zaidi, nikabeba. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchana slabu mita nane, pande mbili, kupitisha bomba la maji taka. Slabu nene sentimita 10. Diski ya mashine ni milimita 230, na mimi kichwani nikajiambia 230 gawa kwa mbili ni 115, inavuka slabu na chenji inabaki. Nikawasha. Diski ikazama sentimita saba, boksi la mota likagota kwenye zege. Basi. Nikasema si neno, nitaweka mfereji halafu nitamalizia kwa nyundo. Betri ya kwanza ikanipa mita mbili na ushee. Ya pili ikazimika diski ikiwa bado ndani ya mfereji. Nikairudisha ya kwanza kwenye chaja, taa ikawa inawaka nyekundu na kuzima, betri ina joto, chaja imegoma kuipokea. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wasaidizi wawili wananitazama, na kule pembeni mashine ya petroli ya jirani yangu wa saiti inaunguruma tu. Nilishika adabu siku ile.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yameandikwa kwenye karatasi inayokuja na mashine, ile tunayoitupa na boksi.

Kosa la kwanza ni kina. Diski haizami nusu yake, kwa sababu katikati kuna washa mbili za kuibana, na nyuma yake kuna mwili wa mashine. Sasa angalia hizi tatu. Stihl TSA 230 ya betri inavaa diski ya milimita 230, inazama 70. Hilti DSH 600-22, nayo ya betri, inavaa 300, inazama 120. Stihl TS 420 ya petroli inavaa 350, inazama 125. Kati ya ya pili na ya tatu diski imeongezeka sentimita tano nzima, kina kimeongezeka nusu sentimita! Kwa hiyo ukubwa wa diski haukwambii kitu mpaka umeona namba ya kina. Na kama unatumia diski za mawe, zile nyeusi za gundi, zinalika. Kina cha asubuhi si kina cha mchana. Diski ya almasi inabaki na kipenyo chake karibu mpaka meno yaishe.

Pima kwanza unachokata siku zote. Tofali za pevingi, vigae, nondo, bati, ukuta wa kupitisha paipu za waya: 230 inatosha na ni nyepesi mkononi. Kingo za barabara, mabomba ya zege, slabu: hapo unazungumzia 300 na kuendelea, na uzito wake.

Kosa la pili ni nishati. Volti peke yake haisemi betri ina chakula kiasi gani. Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa, hiyo ndiyo tangi lako. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 9 ni wati-saa 324. Mashine ikiwa inakula wati 2,000 ndani ya zege, 324 inakwisha chini ya dakika kumi. Piga mwenyewe hesabu, haihitaji injinia.

Kwa waliozoea petroli: lita moja ya petroli imebeba kama kilowati-saa 9, ila injini ndogo inapoteza sehemu kubwa kwa joto, unachokipata kwenye diski ni kama robo au chini ya hapo. Hata hivyo, betri ile ya 324 unapoilinganisha kwa kazi inayofika kwenye diski, ni kama mililita 150 za petroli. Glasi ndogo. Sasa kumbuka unajaza tangi mara ngapi kwa siku, ndipo uniambie unahitaji betri ngapi.

Na ile 54 na 60 yangu? Kitu kilekile. Ndani kuna seli 15 zimefungwa mfululizo. Seli moja wastani wake ni volti 3.6, ikiwa imejaa inafika kama 4 na kidogo. Mmoja ameandika wastani, mwenzake ameandika ikiwa imejaa. Vivyo hivyo 18 na 20, vivyo hivyo 36 na 40. Nililipia namba ya stika.

Naendelea baadaye, kuna mtu ananiita.

---

Nondo16

Tiririka mkuu, nimeweka kiti. Hapo kwenye 54 na 60 umenigusa, nina mbili ndani na nilikuwa naringa na hiyo ya 60.

---

Petroli Damu

Mkuu umeandika vizuri lakini umejijibu mwenyewe. Glasi ndogo ya petroli! Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake anunue betri? Mashine yangu ya petroli, dumu la lita tano liko pembeni, nakata kutwa nzima. Nyinyi mnakaa kwenye ndoo mnasubiri taa igeuke kijani.

---

Mkata Zege

@Petroli Damu sibishani na wewe kwenye barabara. Mita mia za kingo, uwanja wazi, maji yapo: chukua petroli, hata mimi nachukua. Yangu ya petroli sijaiuza.

Lakini hesabu ya siku yako kweli. Tangu unafika mpaka unaondoka, diski inagusa zege dakika ngapi? Mimi niliwahi kumpa msaidizi saa ya mkononi anipimie siku ya pevingi. Kukata tofali moja ni sekunde 20, 30. Halafu unapima, unachora, unapanga, unagonga, unarudi. Asubuhi nzima, saa nne, jumla ya kukata ilikuwa dakika 26. Muda uliobaki injini ya petroli ama inaunguruma bure inakula mafuta, ama unaizima na kuivuta kamba upya, na ikiwa ya moto unajua inavyogoma. Mashine ya betri ukiachia kitufe imelala. Dakika 26 ni betri tatu, na ya kwanza inakuwa imejaa tena kabla sijafika ya tatu.

Kwa hiyo swali la betri ngapi lijibiwe kwa saa ya mkononi. Kama mikato yako ni mifupi na ina vituo, tatu kubwa na chaja ya haraka zinazunguka. Kama unachana mfululizo, hesabu inakataa: betri inaisha dakika kumi, chaja ya wati 500 inahitaji kama dakika 40 kuirudisha, ina maana unataka betri tano na chaja nne ili usisimame. Hapo rudi kwenye petroli kwa amani, au tafuta umeme.

Na chaja nayo inataka umeme. Mtu ananunua mashine ya betri kwa sababu saiti haina umeme, halafu anashangaa. Jenereta ndogo inaendesha chaja mbili za wati 500 bila shida, maana chaja haishtuki kama mota inapowashwa. Hilo ni afadhali kubwa kuliko kuendesha grinda kubwa ya waya kwa jenereta hiyohiyo.

---

fundi_bomba

Mimi niliingia kwenye betri kwa sababu moja tu: moshi. Kazi zangu nyingi ni ndani, vyumba vya chini, mashimo ya mabomba. Petroli ndani ya shimo unajiua kimyakimya. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kizito, miguu haina nguvu, unadhani ni njaa. Kufungua dirisha hakutoshi. Hapo sijali betri inakaa dakika ngapi.

---

Mama Saiti

Kaka fundi_bomba nakuunga mkono, lakini nina ugomvi na wanaume wa saiti yangu. Mimi ndiye msimamizi. Tangu tumeleta mashine za betri, wanaingia nazo ndani wanakata zege kavu, eti "hii haina moshi, mama". Moshi umeondoka, vumbi limebaki! Juzi nimeingia chumba, sikuona mtu, naona taa tu kwenye ukungu. Kijana amefunga leso puani. Nisaidieni maneno ya kuwaambia, yangu yameisha.

---

Mkata Zege

Dada, hilo nilikuwa nalifikia, na ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Vumbi la zege, tofali na mawe lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na kokoto. Chembe zinazoua ni zile usizoziona, lile wingu jeupe ni tangazo tu. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, zinaacha makovu, na makovu hayo hayafutiki kwa dawa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1997. Marekani, kanuni ya 2016 ya OSHA, wasimamizi wao wa usalama wa kazi, inamruhusu mfanyakazi mikrogramu 50 tu kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Waambie hivi: chumvi ya kubana kwa vidole viwili ikisagwa kuwa silika, ingetosha kuharibu hewa ya nyumba nzima.

Leso haifanyi kitu. Dawa ni maji, na yafike kwenye diski yenyewe, pande zote mbili. Wasimamizi wa usalama wa kazi Uingereza wanataka angalau nusu lita kwa dakika kwa mashine za namna hii. Sasa angalia inavyokaa vizuri: tangi la kupampu kwa mkono la lita 10, nusu lita kwa dakika, ni dakika 20. Ni betri mbili za kukata. Kwa hiyo kila betri ya pili, kijana ajaze tangi. Ukiipanga hivyo hawasahau.

Ila tahadhari. Maji ni kwa mashine iliyotengenezwa kupokea maji, yenye mdomo wake wa kuchomeka mpira na pua zake ndani ya gadi, kile kifuniko cha kinga cha diski. Grinda ya betri ya kawaida usiimwagie kwa chupa. Haitakupiga shoti kama ya waya, lakini maji na uji wa zege vitaingia kwenye matundu ya hewa na mota itakwisha. Kwa grinda, funga gadi ya kunyonyea vumbi yenye mpira wa kwenda kwenye mashine ya kunyonya yenye chujio la kweli. Na hata ukiwa na maji, ndani ya nyumba vaa barakoa ya kazi inayobana uso. Ndevu ndefu zinaivujisha, hilo nalo hawapendi kusikia.

Jingine ni masikio. Wanadhani betri ni kimya. Injini imenyamaza, diski na zege havijanyamaza. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, desibeli 85 ni saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unagawanyika nusu. Ukifika 100 umebakiza dakika 15 kwa siku nzima, na ndani ya chumba chenye kuta tupu 100 unaifikia bila kujikakamua.

---

Mama Saiti

Betri ya pili, tangi. Hiyo naiandika kwa chaki ukutani kesho asubuhi.

---

Kijana wa Grinda

Wakubwa, mimi bado sina uwezo wa hizo kubwa. Nina grinda ya betri ya diski 125. Kuna fundi alinionyesha kutoa gadi na kufunga diski ya 230, inakata ndani zaidi. Inakaa sawa kwenye nati. Kuna ubaya?

---

Mkata Zege

Kijana, weka mashine chini kwanza. Chomoa betri. Sasa soma.

Diski inaandikwa mwendo wake wa mwisho. Za grinda nyingi ni mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Kwa diski ya 125 hiyo ni kama mizunguko 12,200 kwa dakika, kwa 230 ni kama 6,650 tu. Diski kubwa inazunguka polepole kwa sababu ukingo wake uko mbali na katikati. Grinda yako ndogo inazunguka kama 11,000. Ukiifunga 230 pale, ukingo unakimbia mita 132 kwa sekunde. Ni zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Na nguvu inayoivuta diski ipasuke inakua kwa mraba, kwa hiyo haijaongezeka kidogo, imekuwa karibu mara tatu ya ile iliyopimiwa. Na wewe umetoa gadi, kitu pekee kilichosimama kati ya vipande na shingo yako.

"Inakaa sawa kwenye nati" ni kwa sababu tundu la diski hizo zote ni milimita 22.23. Tundu kulingana hakumaanishi diski inaruhusiwa. Na kinyume chake: diski za mashine kubwa nyingi zina tundu la 20 au 25.4, mtu anaweka kipande cha bati kujazia. Usijazie kitu. Diski ikikaa kando hata nusu milimita, inatikisika, inalika upande, inapasuka.

Huyo fundi aliyekuonyesha, hesabu vidole vyake.

---

Nondo16

Vidole 😂 Mimi namjua mmoja ana tisa na bado anatoa gadi.

---

Kijana wa Grinda

Nimeitoa. Asanteni sana, kweli sikujua. Sasa kwa hii ndogo, nikitaka kukata zege la sentimita tano?

---

Mkata Zege

Diski ya 125 inakupa kama sentimita tatu. Kata juu, geuza kipande, kata chini, malizia kwa kugonga. Kama ni ukuta hauwezi kugeuza, kodi mashine kubwa kwa siku hiyo. Kukodi si aibu.

Na chukua almasi nyembamba. Diski ndio kitu kinachoamua betri inakaa muda gani kuliko hata betri yenyewe. Diski nene inasaga zege jingi zaidi kuwa unga, na kila punje ya unga huo umeilipia kwa chaji. Kwa chuma na nondo, nyembamba ya milimita moja au moja na nusu kwa 125 inapita kama kisu. Yenye unene wa milimita tatu inakula mara mbili na inachoma.

Almasi nayo ina siri ambayo wengi wanaipindua. Zege gumu lenye kokoto ngumu linataka diski yenye bondi (kile kinachoshika almasi kwenye meno) laini, ile inayolika upesi ili almasi mpya zitokeze. Tofali laini, zege bichi, lami, vitu vinavyosugua, vinataka bondi ngumu. Ukifunga bondi ngumu kwenye kokoto ngumu, meno yanang'aa kama kioo, diski inateleza juu, inatoa cheche na joto, betri inakwisha hujaenda popote. Watu wanasema diski mbovu. Ipitishe mara kadhaa kwenye tofali la mchanga au jiwe laini linalosugua, utaona inauma tena. Halafu angalia mshale kwenye diski ufuate mshale wa mashine, usicheke, nimeona imefungwa kinyume na mtu analaani kampuni.

Usisukume. Hii ni kwa wote mliotoka petroli. Injini ya petroli ukiibana inalia, inapunguza mzunguko, unaisikia. Ya betri haikuonyi hivyo: kompyuta yake inaongeza umeme kimya kimya kushikilia mzunguko, joto linapanda, halafu inajizima ghafla. Acha uzito wa mashine wenyewe ushuke. Pitisha kwanza mfereji wa sentimita mbili urefu wote, unyooke, ndipo uzame kidogo kidogo. Mfereji wa kwanza ndio reli yako. Ukipinda pale, diski itakuwa inasugua kuta za mkato mpaka mwisho na betri inalipa.

---

fundi_bomba

Naongeza hili kwa sababu karibu linitoe uso. Bomba la chuma la inchi sita, limelala juu ya tofali mbili, moja kila mwisho. Nikakata katikati kutoka juu, mashine kubwa ya betri, diski 350. Imebaki kama vidole viwili bomba likakata tamaa, likalegea katikati, midomo ya mkato ikafunga diski. Sikusikia chochote. Nilichokiona ni gadi iko mbele ya macho yangu, mikono imenyooka juu, na mashine tayari imezima. Breki ilifanya kazi. Helmeti yangu ina mkwaruzo mpaka leo.

---

Mkata Zege

Mungu alikuwa saiti siku hiyo. Tuieleze hii vizuri, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Itazame diski kutoka pembeni, wewe uko nyuma yake. Kwenye mashine hizi sehemu ya juu inakimbia kwenda mbele, ya chini inarudi kwako. Chini ikibanwa, mashine inavutwa mbele, inakunyang'anya lakini inakwenda mbali nawe.  Hatari ni robo ya juu mbele, ile kati ya kilele cha diski na ncha yake ya mbele kabisa. Robo hiyo ikiguswa au kubanwa, mashine inapiga teke juu na nyuma, yaani usoni. Bomba lako lilipofunga, midomo ya mkato ilibana diski upande wa mbele.

Kwa hiyo usikate kwa robo hiyo, usiingize diski kwenye mfereji mwembamba uliokatwa na diski nyembamba zaidi, na usisimame kwenye mstari wa diski. Simama pembeni kidogo, mkono wa mbele umezunguka mpini na kidole gumba chini, usikate juu ya mabega.

Na bomba: tegemeo zikiwa ncha mbili, katikati linabanwa juu na kuvutika chini, mkato wa juu lazima ufunge. Sogeza tofali zote mbili upande mmoja, kipande unachokiondoa kining'inie nje. Hapo mkato unafunguka wenyewe kadiri unavyokata. Funga bomba lisiviringike, na hakikisha hakuna mguu chini ya kipande kitakachoanguka.

Breki uliyoisifia ni sababu yangu ya pili ya kupenda betri. Diski ya petroli ukiachia inaendelea kuzunguka, watu wanaiweka chini bado inakimbia inachimba udongo. Lakini betri ina hatari yake: mashine iko kimya kabisa, haina kamba ya kuvuta, imekaa tayari. Msaidizi anaiokota kwa kushika kitufe. Kabla ya kugusa diski, betri iko mfukoni mwako. Kuzima swichi tu hakutoshi.

---

Petroli Damu

Haya, hapo kwenye breki nimekubali. Kidogo. Swali la kweli sasa: betri zinakufa haraka? Jamaa yangu zake mbili zimekwisha ndani ya mwaka.

---

Mkata Zege

Karibu nyumbani 😄

Muulize alikuwa anaziweka wapi. Betri za lithiamu zinauawa na joto. Imetoka kwenye zege ina moto, inawekwa juu ya bati juani, halafu inasukumwa kwenye chaja. Mimi zangu zinakaa kivulini kwenye ndoo tupu dakika kama kumi na tano kabla ya chaji. Usiziweke kwenye ndoo moja na misumari, msumari ukiunganisha miguu ya betri, moto unawaka. Kama hutafanya kazi wiki kadhaa, iache nusu, isiwe imejaa wala tupu. Na ukikata chuma, cheche na unga wa chuma visielekee kwenye matundu ya mashine, unga huo unapitisha umeme. Geuza gadi, jioni puliza kwa hewa.

Betri ya mtumba siinunui. Boksi linaweza kuwa safi na seli moja ndani imechoka, na seli moja ikichoka zote zinasimama nayo.

Anayesafiri kwenda saiti kwa ndege ajue pia: zaidi ya wati-saa 160 abiria haruhusiwi kupanda nayo, mkononi wala kwenye mizigo. Ile ya 324 tuma kwa njia nyingine.

---

Nondo16

Mkuu kabla hujafunga, diski za mawe zina tarehe ya kuisha kama maziwa au ni hadithi?

---

Mkata Zege

Si hadithi. Tazama ule mduara wa chuma kwenye tundu la katikati, pamegongwa mwezi na mwaka. Gundi inayoshika mawe inazeeka na inakunywa unyevu, watengenezaji wanaipa miaka mitatu. Iliyolowa na kukauka stoo ni mbaya zaidi hata kama tarehe haijafika. Zihifadhi zimelala bapa, pakavu. Na kila diski mpya, iache izunguke bila kukata kama dakika moja, imeelekezwa pasipo na mtu.

---

Nondo16

Nimetoka stoo. Nina diski kumi na nne, tisa zimepita muda, moja ni ya miaka sita iliyopita. Hata za kukatia mbao laini haziwezi?

---

Mkata Zege

Usikate nazo kitu. Na usizitupe nzima, mtu ataziokota azifunge. Zivunje kwa nyundo, vaa miwani.

---

Nondo16

Nimevunja nane. Ya tisa ilikuwa imefungwa kwenye mashine tangu jana. Nimeifungua, ina ufa kutoka kwenye tundu mpaka karibu na ukingo, mwembamba kama unywele. Jana nimekata nayo nondo arobaini.